Filamu Fupi Zilizotuzwa na Majina Yake kwa Kiswahili

Tuliletewa hapa Kilole, Korogwe, karatasi ya kurasa nne ili tuipitie kabla haijapigwa chapa. Ilikuwa ni ratiba ya maonyesho ya filamu fupi yaliyokusudiwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao, nayo ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza na ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Walioileta walitaka jambo dogo tu: tutazame kama Kiswahili chake ni sanifu. Tuliketi watatu, mwalimu, mfasiri na mtumishi wa serikali aliyestaafu. Tukarekebisha hapa na pale, tukatia sahihi. Siku ya maonyesho ilipowadia, na filamu ya pili ilipoanza, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza kwa nini karatasi inasema Sisi Sote na ukutani pameandikwa Watu Wote. Hakuna aliyemjibu. Sisi tulioipitisha karatasi ile tulikuwa tumeketi safu ya nyuma yake.

Makala haya yametokana na swali la kijana yule. Hayakusudii kumlaumu mfasiri wa karatasi, kwani kosa alilolitenda yeye tulilithibitisha sisi. Yanakusudia kuzipima filamu zenyewe pamoja na maneno tunayozielezea, maana tumeona kwamba pale istilahi ilipokosewa ndipo filamu nayo ilipoeleweka vibaya.

Tuanze na kichwa cha karatasi, kilichosomeka "Filamu Fupi za Kushinda Tuzo". Hapa Kiingereza kimekaa wazi kabisa chini ya Kiswahili. Katika lugha yetu mtu humshinda mwenzake, hushinda vita, hushinda kesi. Mzigo ukimlemea husemwa umemshinda. Na mgeni akikaa kwetu kutwa husemwa ameshinda. Tuzo haishindani na mtu. Tuzo hupewa mtu, hutunukiwa, hukabidhiwa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba jina hili lina kitenzi chake, nacho ni kutuza, ambacho watu wa ngoma wanakijua kuliko watu wa ofisini. Mwimbaji akiimba ubeti ukamgusa msikilizaji, msikilizaji huinuka, huenda mbele na kumtuza mbele ya macho ya watu. Wengine, hasa katika taarabu, husema kumtunza. Kwa hiyo filamu iliyopewa tuzo ni filamu iliyotuzwa, na neno moja linatosha pale ambapo karatasi yetu ilitumia matatu. Twafahamu kwamba "kushinda tuzo" kumekwisha kuenea magazetini na redioni, wala hatudai kwamba anayesema hivyo atozwe faini. Twasema tu kwamba lililo bora lipo, na ni la kwetu.

Neno la pili ni zito zaidi kwa sababu hupotosha habari yenyewe. Karatasi iliandika kwamba filamu mojawapo "iliteuliwa tuzo ya Oscar". Watumishi wa serikali hawahitaji kuelezwa maana ya kuteuliwa. Mtu akiteuliwa kuwa mkuu wa wilaya, amekwisha kuwa mkuu wa wilaya. Kilichobaki ni kiapo. Wanafunzi waliosoma sentensi ile walielewa kama inavyoelekea, yaani kwamba filamu ilipewa tuzo. Kumbe haikupewa. Ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizoingizwa katika orodha ya mwisho ya filamu fupi za maigizo mwaka 2018, na tuzo ikaenda kwa The Silent Child ya Uingereza. Yatosha kusema "iliteuliwa kuwania tuzo", au kwa ufupi "iliwania tuzo". Kitenzi kimoja, kuwania, kingalituokoa na uongo ambao hakuna aliyeukusudia.

La tatu ni jina la tamasha. Pumzi, filamu fupi ya mwongozaji wa Kenya Wanuri Kahiu iliyotolewa mwaka 2009, ilionyeshwa Sundance kule Marekani mwanzoni mwa mwaka 2010, na mwaka huo huo ikatuzwa kuwa filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru linalofanyika katika mji wa Cannes. Karatasi yetu ilisema "Tamasha la Cannes". Katika mji mmoja yaweza kufanyika matamasha mawili, kama vile katika mji mmoja yanavyoweza kuwapo masoko mawili, na anayeuza katika soko la pembeni hapunguziwi heshima kwa kuambiwa ukweli. Neno "huru" lilikuwa limedondoka tu. Kwa mfasiri ni neno moja, bali kwa msomaji ni tofauti kati ya habari na uvumi.

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, lina bahati kwa upande huu, kwa kuwa tuzo yake kuu imefasirika vizuri: Jahazi la Dhahabu. Neno la Kiingereza linalotajwa hapo hukusanya pamoja vyombo vyote vya tanga vya pwani yetu, na wapo wanaolihusisha na dau letu, ingawa asili yake inabishaniwa. Sisi tunavyo jahazi, dau, mashua, mtepe na ngalawa, kila chombo na umbo lake na kazi yake, na aliyechagua jahazi alichagua chombo cha safari ndefu na shehena kubwa. Basi kwa mzaha tulisema pale mezani kwamba kama filamu ndefu ni jahazi, filamu fupi ingepewa ngalawa: ni nyembamba, haibebi wengi, na hufika mahali ambapo jahazi hukwama mchangani.

Ufupi wenyewe una mpaka. Akademia inayotoa Oscar huihesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina ya watendaji. Hicho ni kipimo cha saa. Istilahi ya "filamu fupi", hata hivyo, twaiona kuwa na mwenzake wa karibu, nayo ni hadithi fupi, ambayo wahakiki wetu walikwisha kukubaliana tangu zamani kwamba si riwaya iliyokatwa. Ina tukio moja, watu wachache, na huanza karibu na mwisho wake. Kwa kipimo hicho ndivyo tulivyozitazama filamu hizi.

Lakini kabla ya kuziingia, mtu wa Korogwe hana budi kutaja jambo lililotendeka milimani juu yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na kituo cha kutengenezea filamu. Ulikuwa mradi wa majaribio ulioendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za shirika la Carnegie la New York, na msimamizi wake wa kazi za filamu, Meja L. A. Notcutt, alikuwa hapo kabla meneja katika mashamba ya mkonge. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, karibu zote fupi: juu ya kodi, juu ya kuweka akiba posta, juu ya minyoo ya safura, juu ya kilimo. Gari lilizichukua kuzionyesha katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Chache mno zimehifadhiwa hata leo.

Lililo muhimu kwetu ni namna zilivyosema. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, yakachezwa sambamba na picha. Picha moja, sahani nyingi. Aliyeandika maneno hakuwa mtazamaji, wala mtazamaji hakuwa na njia ya kujua kama kilichosemwa katika sahani ndicho kilichoonekana ukutani. Hatuna haja ya kuziita filamu zile kubwa kisanaa, maana hazikuwa hivyo. Zilimfundisha mtu mzima jinsi ya kuficha fedha zake mahali pema kana kwamba hajawahi kuwa na fedha. Ila zilitangulia kukutana na tatizo lile lile lililotukuta sisi na karatasi yetu. Mtu akiiona filamu kwa jicho moja na kuisikia kwa sikio la mwingine, nani anayeamua maneno? Baada yake walikuja wafasiri wa magari ya sinema waliosema kwa kipaza sauti, kisha wafasiri wa vibanda vya video, ambao huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kuwapa wahusika majina ya mitaa yetu. Wasomi wengi huwacheka. Sisi twaona kwamba wafasiri wa vibandani wana sifa moja ambayo ofisi iliyoandika karatasi yetu haikuwa nayo, yaani huitazama filamu kabla ya kuifasiri.

Sasa turejee kwenye Watu Wote. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Walitaka abiria wajitenge, Waislamu upande huu na wasio Waislamu upande ule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki dunia. Katika habari hiyo Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha Hamburg Media School, Ujerumani, alitengeneza mwaka 2017 filamu ya dakika 22 akishirikiana na Wakenya. Ilipata nishani ya dhahabu katika tuzo za wanafunzi za Akademia mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikawania Oscar kama tulivyoeleza.

Filamu haianzi na basi, bali na huzuni ya mwanamke aitwaye Jua, Mkristo, anayesafiri kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Jua amekwisha kupoteza wa nyumbani mwake kwa mikono ya watu wa namna ile ile atakaokutana nao njiani, na kwa hiyo anapanda basi lililojaa Waislamu akiwa ameufunga moyo. Anakaa kando. Hataki kusemezwa.

Jina la Kiingereza la filamu ni All of Us, na lugha yetu inapolipokea jina hilo peke yake husema bila kusita: Sisi Sote. Jina la Kiswahili, lililowekwa na watengenezaji wenyewe, ni Watu Wote. Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba kivumishi -ote hubadilika kwa nafsi: sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Katika "wote" msemaji yuko nje ya kundi analolitaja, au walau hajajitaja. Tulipoiona tofauti hiyo mezani, tulisema kwamba hawa ni wanafunzi wa Ujerumani, Kiswahili chao kimewaponyoka, na mfasiri wetu amefanya hisani kukinyoosha. Ndivyo tulivyotia sahihi. Twakiri kwamba tulilihukumu jina kwa kutazama pasipoti ya aliyelitoa.

Baada ya kuiona filamu tumebadili hukumu yetu, na sababu zetu ni hizi. Kwanza, "sisi" ya Kiswahili haina mpaka. Zipo lugha zenye neno moja kwa "sisi pamoja nawe" na neno jingine kwa "sisi bila wewe", Kiswahili hakitofautishi. Muislamu akisimama ndani ya basi lile na kusema "sisi sote", msikilizaji atasikia nini? Aweza kusikia sisi abiria sote. Aweza kusikia vile vile sisi Waislamu sote. Mahali pengine utata huo hauna madhara. Katika basi lile, lililosimamishwa kwa ajili ya kuuliza nani ni sisi na nani ni wao, utata huo ungaliweza kumwua mtu.

Pili, Jua hana "sisi" mwanzoni. Jina Sisi Sote lingempa mtazamaji mlangoni kile ambacho filamu inamgharimia Jua safari nzima kukipata. Aliyelipwa kabla ya kazi haoni tena sababu ya kazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jina la Kiswahili limebeba neno ambalo Kiingereza hakina pa kuliweka: watu. Kwetu mtu si kiumbe wa miguu miwili tu. Husemwa fulani ni mtu, na fulani si mtu, hali wote wawili wanapumua. Kutokana na neno hilo tunapata utu, na wazee wamekwisha kusema kwamba mtu ni watu. Washambuliaji waliuliza juu ya dini za abiria. Wakajibiwa juu ya utu wao. Jibu hilo limo katika jina Watu Wote, na halimo katika All of Us, wala halimo katika Sisi Sote. Majina haya mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, si tafsiri moja ya jingine. Ni majina mawili ya filamu moja, yaliyoandikwa kwa masikio mawili, na mfasiri anayeona jina la Kiswahili juu ya filamu hana ruhusa ya kulipitia upya kwa njia ya London.

Lipo neno la upande wa pili, na haki yataka tuliseme. Jina Watu Wote ni pana mno. Linawakusanya hata wale waliosimamisha basi. Mwenzetu mmoja pale Kilole lilimkera. Alisema kwamba aliyeinua bunduki amejitoa mwenyewe katika watu. Hatukumaliza mjadala huo, wala filamu haiumalizi.

Tukiipima kama hadithi fupi, twaona kwamba sehemu ya basi imejengwa kwa ustadi, na sehemu iliyotangulia imeharakishwa. Msiba wa Jua tunaupokea kama taarifa. Tungalipenda kumsikia akibishana kidogo na jirani yake wa kitini, apate kutuonyesha chuki yake kwa maneno yake mwenyewe, maana uso peke yake, hata ukiwa mzuri kama wa mwigizaji yule, hauwezi kubeba mambo yote. Jina lake nalo linasema zaidi ya anavyosema yeye. Jua si jina la kawaida la mtu kwetu. Ni jua la mbinguni, na ni amri ya kumwambia mtu afahamu. Hayo hayawezi kuandikwa chini ya picha kwa Kiingereza, na hakuna wa kulaumiwa.

Bali lipo jambo chini ya picha ambalo lingeweza kufanywa na halikufanywa. Katika basi lile husemwa Kiswahili na Kisomali. Maandishi ya Kiingereza huzigeuza lugha zote mbili kuwa moja, herufi zile zile, rangi ile ile, hata mtazamaji wa ng'ambo hajui ni wakati gani abiria wanasemezana kwa lugha ya njiani na ni wakati gani kwa lugha ya nyumbani. Mtazamaji wa Korogwe, aliyezoea kumsikia mzee akihama kutoka Kisambaa kuingia Kiswahili na kurudi mara anapotaka jambo lisisikiwe na mgeni, anajua kwamba kuhama kule ndiko penye habari.

Pumzi ni filamu ya namna nyingine kabisa. Jina ni la Kiswahili, maneno yake machache ni ya Kiingereza, na neno lake la siri ni la Kikikuyu. Mambo yake yanatokea miaka 35 baada ya Vita Vikuu vya Tatu, ambavyo ni Vita vya Maji. Watu wanaishi katika jumuiya iliyofungiwa, nje hamna kitu kinachoota, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena kwa kipimo, na ndoto hukomeshwa kwa vidonge. Asha ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyokuwako zamani. Siku moja analetewa udongo kidogo asiojua umetumwa na nani, anatia ndani yake mbegu, na mbegu inaota. Baraza linamkatalia kutoka. Anatoroka.

Karatasi yetu iliyaita makumbusho yale "Makumbusho ya Viumbe ya Mtandaoni". Hilo si kweli, kwani Asha anaingia humo kwa miguu yake. Kinachotakiwa hapa ni kile kivumishi ambacho Kiswahili cha siku hizi kimekubali kukitafsiri kwa "pepe", kama tusemavyo barua pepe na uhalisia pepe. Neno hili limewahi kulalamikiwa kwamba linanuka mapepo. Lakini muulize mkulima wa mpunga wa bonde la Mto Pangani pepe ni nini. Atakuambia kwamba ni punje iliyo na ganda bila kiini. Ukipepeta kwa ungo, punje iliyojaa hubaki, mapepe huruka. Ikiwa hivyo ndivyo, basi yale ya Asha ni makumbusho pepe kwa maana zote mbili, ya wataalamu na ya wakulima: maganda ya ulimwengu ambao kiini chake kimetoka. Na tukio lote la filamu ni kwamba katika rundo la mapepe imekutwa punje moja iliyojaa. Hatuwezi kudai kwamba mwongozaji aliwaza hivyo, kwa kuwa katika filamu neno hilo limo kwa Kiingereza. Twasema tu kwamba mfasiri wa Kiswahili amewekewa zawadi mlangoni, na karatasi yetu iliiruka.

Mbegu yenyewe ina kibandiko, na kibandiko kile ni kidahizo cha kamusi. Kinataja kwamba neno ni maitu, kwamba ni nomino ya Kikikuyu yenye maana ya mama, na kwamba asili yake ni maneno mawili, moja la kweli na jingine la umilikaji, hata maana ikawa kweli yetu. Ni mara chache sana filamu kufanya kazi ya kamusi mbele ya macho ya watu, na sisi wa istilahi tungekosa adabu tusipoisimamia kidogo. Sehemu ya pili haina shaka: itu ya Kikikuyu na -etu ya Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Sehemu ya kwanza twaiona kuwa ya kishairi zaidi kuliko ya kisayansi, jinsi wasemaji wa lugha zote wapendavyo kulifumua neno la kale na kulishona upya. Lakini kidahizo cha uongo katika kamusi ni kosa, na kidahizo hicho hicho katika filamu ni tendo. Asha hakupanda mti. Amepanda neno ambalo jumuiya yake ilikuwa imelifungia chupani. Karatasi yetu iliandika "mbegu ya Mama" ikaishia hapo. Sisi tungaliacha maitu kama ilivyo, kisha tukafasiri kidahizo chote.

Kuhusu jina, wengi husema filamu hii ingeitwa Maji. Sisi twaona kwamba jina limechaguliwa na mtu anayeisikia lugha. Pumzi imo katika kupumua, na imo vile vile katika kupumzika. Mwishoni Asha, akiwa jangwani, anaupanda mche, anaukamulia maji yake ya mwisho, kisha anajilaza juu yake apate kuutilia kivuli. Anayejua Kiswahili anaona mambo mawili kwa wakati mmoja: pumzi inayotoka, na mwili uliochoka unaopumzika. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Kasoro ya filamu, kwa maoni yetu, ni kwamba baraza linalomkatalia Asha halina uso wala hoja. Adui asiye na hoja hafundishi kitu, hata katika dakika ishirini na kitu.

Mengine tutayapitia haraka. Arusi ya Mariamu, filamu ya dakika 36 ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilituzwa katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1985. Jina lake la Kiingereza hutumia neno moja linalofunika sherehe na kifungo pamoja. Kiswahili hutenga arusi na ndoa, na anayefasiri kutoka Kiingereza ataandika Ndoa ya Mariamu akidhani amepatia. Wengine leo watataka kuongeza h, iwe Harusi. Filamu imeandikwa Arusi. Iachwe hivyo, jina la kazi si zoezi la imla. Ndani yake mwanamke mgonjwa aliyeshindikana hospitalini anapelekwa kwa mganga, na hapa wafasiri wachunge, maana Kiingereza cha wakoloni kilimwita mganga kwa neno lililofungamanisha uchawi na udaktari, na bado lingali likijipenyeza katika maandishi yetu. Amil Shivji naye, ambaye filamu yake fupi ya mwaka 2014 inaitwa kwa uzuri Samaki Mchangani, ile ya mwaka 2013 aliita Shoeshine. Ni haki yake. Lakini kijana anayefanya kazi ile barabarani anaitwa mpiga kiwi, na tungalifurahi kumwona akiingia katika matamasha ya dunia kwa jina hilo.

Watendaji wa filamu wana majina ya kutosha: mwongozaji huku kwetu, mwelekezi kwa ndugu zetu wa Kenya, na hatuoni haja ya kugombana; mtayarishaji kwa yule anayetafuta fedha na vifaa, wala si mzalishaji, ambaye tumuache na viwanda. Tumekwama kwa jambo moja tu, nalo ni yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Wapo wanaoyaita manukuu. Nukuu ni maneno yaliyochukuliwa kama yalivyo, hali maandishi haya ni maneno yaliyobadilishwa lugha na kufupishwa yapate kuenea. Jina hilo linawapa sifa ya uaminifu ambayo, kama tulivyoona katika basi la Mandera, hawanayo. Usiku ule wa maonyesho, bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango alikuwa akimgusa mjukuu wake kila mara: "Nisomee vya chini." Mjukuu alisoma, wakati mwingine akiongeza ya kwake.

Ukurasa wa tatu wa karatasi umepigwa chapa upya. Watu Wote imerudi mahali pake, Oscar imekuwa ya kuwaniwa, na makumbusho yamekuwa pepe. Pale palipohitaji istilahi ya maandishi yale tumeandika "tafsiri ya chini", na pembeni tumetia alama ya kuuliza kwa kalamu. Maonyesho yatarudiwa muhula ujao. Msomaji mwenye neno bora atuletee kabla ya hapo.